Somo yangu, njoo Bujora mwezi wa sita

Kirumba, Mwanza

Somo yangu mpendwa,

Mwangaluka! Nyumbani hatujambo. Mama anakusalimu sana na anauliza utakuja lini kula sato. Barua yako imenifika, na swali lako moja limenikalisha macho hadi usiku: kati ya waimbaji wa asili tuliowaona pamoja, yupi amenikaa moyoni zaidi?

Ni yule ningi mzee, mtunzi na mwimbaji wa ngoma za Kisukuma, wa kule Bujora. Sihitaji hata kufikiri.

Tulikwenda wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma, pamba imeshaanza kuvunwa, vumbi la Kisesa limetupaka hadi kope. Uwanja mmoja, makundi mawili: Bagika huku, Bagalu kule, kila upande na ngoma zake, na wote wanaanza kwa wakati mmoja. Uliniuliza watasikika vipi. Nikakueleza kama babu alivyonieleza mimi: wanatugombania sisi. Hakuna jaji mkubwa kuliko miguu ya watazamaji, na anayevuta umati ndiye ameshinda. Mashindano hayo yana asili yake katika karne ya 19, kwa Ngika na Gumha, mafundi wawili wa ngoma na dawa waliotaka kujulikana nani zaidi. Padri David Clement, yule Mkanada aliyeanzisha makumbusho ya Bujora, aliyakaribisha hadi ndani ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, na mimi namshukuru kwa hilo kila mwaka.

Basi upande wa pili wakatoa chatu. Unakumbuka watu walivyohama? Watoto, kina mama na mabeseni yao, hata muuza miwa. Ningi wetu akabaki na sisi na wazee wachache waliochoka kukimbia. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono, ngoma zikanyamaza, akaanza peke yake, taratibu, wimbo wa mkulima aliyepeleka pamba mnadani akakuta mizani imeshiba kabla hajaweka mzigo. Wasukuma gani hao watakaosikia habari ya mizani wasigeuke? Walianza kurudi mmoja mmoja, halafu kwa makundi, na kila aliyefika aliingia kwenye kiitikio kana kwamba alizaliwa nacho. Baadaye mzee mmoja alituambia kwamba wimbo ule ulikuwa mpya kabisa. Baningi hutunga na kuficha. Kundi hufanya mazoezi mbali, ili mpinzani asije akaunasa na kuandaa jibu.

Lakini kilichonifunga kwa yule mzee ni ubeti wako. Nilimwona akimwinamia kijana wa ngoma, kijana akaja kuniuliza mgeni huyu mrefu ametoka wapi, nikasema Shirati, ng'ambo ya Musoma. Hazikupita hata dakika tano. Ukaingia kwenye wimbo: binti wa Mara aliyeacha samaki wa kwao akaja kuhesabu wanaume wenye majembe. Nilikutafsiria sikioni, nawe ukasimama ukaenda kumtunza, ukambandika noti kwenye paji la uso mbele ya watu wote. Ubeti ule sijausikia tena, na siwezi kuusikia tena, kwa sababu ulikuwa wa jioni ile. Nina nyimbo nyingi za asili kwenye simu, nazipenda, ila hakuna hata mmoja uliowahi kuniuliza natoka wapi.

Saida Karoli naye simsahau, usinielewe vibaya. Maria Salome ilipotoka mwaka 2001, Mwanza nzima iliimba Kihaya, hata konda wa daladala ambaye Bukoba hajawahi kuiona. Watoto wa sasa wameufahamu kupitia Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya mwaka 2016, na ni vizuri, wimbo umepata miguu mingine. Ila sisi tuliomwona Saida mwenyewe jukwaani tunajua sauti ile inavyopanda bila kukaza shingo. Tulisimama mbali mno siku ile, nyuma ya maspika, nikawa naona kichwa chake tu.

Wa pili wangu, kama kuna wa pili, ni mpiga nyatiti wa kwenu, kile kinubi cha Wajaluo, kwenye matanga ya babu yako. Amekaa kwenye kigoda kifupi, ala ameilaza ubavu, nyuzi nane zinamjibu, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inagonga ubao, njuga zinalia mguuni. Mtu mmoja, kazi ya watu watatu! Halafu mjomba wako akainuka katikati ya wimbo, akaweka pesa, akamsimamisha. Mimi niliyezoea ningi asiyekatizwa nilidhani ugomvi umeanza. Kumbe ndiyo pakruok yenyewe: amenunua nafasi ya kujisifu, yeye na marehemu na ng'ombe wao wote. Akakaa, wimbo ukaendelea, na majina aliyoyataja yakawa yameshaingia ndani yake. Akainuka shangazi. Akainuka jirani. Kufika alfajiri wimbo ule ulikuwa umebeba kijiji kizima, na mama yako, aliyekuwa hajasema neno tangu mazishi, aliinuka naye akanunua nafasi yake. Maneno aliyosema kuhusu baba yake ulinitafsiria nusu tu, nusu ukashindwa kwa machozi.

Nansio, kule Ukerewe, tulimsikia pia yule bwana wa enanga, ala ya nyuzi, kwenye harusi, ila maspika ya dijei yalimmeza. Hilo bado linaniuma. Walimpa robo saa kabla ya chakula, kisha wakamwondoa, na hakuna aliyemuuliza wimbo ule mrefu ulikuwa unaishia wapi.

Kwa hiyo nakuomba, njoo mwaka huu, na uje na mwanao. Umeniandikia kwamba muziki wote anaoujua unatoka kwenye simu yako. Amefika umri wa kukaa chini vumbini na kuimbwa jina lake na mtu anayemtazama usoni. Ukishuka stendi nipigie, nitakufuata, tulale kwangu, asubuhi tupande daladala za Kisesa mapema tupate kivuli. Michembe na karanga nitaandaa mimi. Badilisha pesa upate noti ndogo ndogo za kutunzia, usirudie yale ya kutoa noti kubwa kwa ubeti mmoja halafu nauli tukakopa.

Na mjomba umlete. Namtaka amsimamishe ningi wa Kisukuma katikati ya wimbo, tuone nani ataanza kucheka.

Somo yako akupendaye