Mtoto amesusa, ripoti yasema ana hasira

Mhariri,

Mjukuu wangu wa gredi ya pili amerudi na ripoti iliyoandikwa: "Ana hasira, hashirikiani na wenzake." Niliisoma mara mbili kibandani kwangu hapa Likoni, upawa wa mbaazi mkononi. Mtoto huyu hana hasira. Amesusa. Kwenye igizo la darasa wenzake walipewa maneno ya kusema, yeye akaambiwa ashike pazia.

Anayenuna hukunja uso ili umwone umbembeleze. Anayesusa ameona amedharauliwa, na ukimpa peremende unazidisha.

Mpwa wangu anayesomea saikolojia alicheka kunisikia nalalama. Akasema hiyo ndiyo akili ya hisia, ambayo Wamarekani Peter Salovey na John Mayer waliiandikia mwaka 1990. Mwaka 1997 waliigawa mafungu manne: kuitambua hisia usoni na sautini, kuitumia katika kufikiri, kuelewa imetokana na nini na itageuka nini, kisha kuimudu. Shule hudai hilo la mwisho tu: "Tulia!" La tatu limerukwa.

Akanieleza pia jaribio la Matthew Lieberman na wenzake la 2007. Watu walionyeshwa nyuso za hasira na hofu huku ubongo wao ukipigwa picha. Walipochagua neno la kuitaja hisia ile, amigdala, sehemu ya ubongo iliyo nyepesi kushtukia hatari, ilitulia kuliko walipochagua tu jina la mtu la kuufaa uso ule.

Mimi sikuhitaji mashine. Juzi alfajiri nilimfokea mteja aliyeuliza mbona mahamri hayakuumuka. (Kweli hayakuumuka.) Nikadhani ni hasira. Nilipoketi nikajua ni jakamoyo: mwanangu ni baharia, na siku nne zilikuwa zimepita hajapiga simu. Nilipolitamka tu neno hilo mikono iliacha kutetemeka, nikamkimbilia yule mteja hadi kwenye foleni ya feri na mahamri mawili ya bure.

Lugha yetu ina kununa, kususa, kuhamaki, donge, kinyongo, simanzi. Mbona ripoti nzima iwe na hasira peke yake?

Mwalimu mwenyewe ni kijana mwema, nami kinyongo sina. Ijumaa nakwenda kumwona. Mjukuu amekubali kushika pazia, ila anataka kwanza aulizwe.

Muuza mbaazi,
Likoni, Mombasa