Baiskeli ukutani kwangu

Mhariri,

Wiki iliyopita kuna msomaji wako kawaandama vijana wa vijiweni hapa Tanga, eti wanagombana kwa vitu vya kipuuzi, nani kakalia kiti cha nani, goli la timu yetu ya Coastal Union lilikuwa ofsaidi au halikuwa, mara matusi mara ngumi. Akamalizia kwamba wafundishwe subira. Mi nina miaka 64, kijiweni sikai, ila naomba niwatetee hao vijana kwa kujishtaki mwenyewe.

Nimefanya kazi bandarini miaka 31, karani wa kuhesabu mzigo. Enzi zetu meli inatia nanga kule mbali kwa sababu gatini maji mafupi, mzigo unakwenda na kurudi kwa matishari, na sie makarani tumesimama juani kalamu sikioni tunahesabu marobota ya mkonge. Ukikosea robota moja unaitwa ofisini ujieleze. Nilikuwa nalalamika sana, sasa hivi naona kumbe ile kuitwa ndo ilikuwa heshima yenyewe, maana yake kuna mtu anajua kama nipo au sipo.

Nikastaafu. Mwezi wa kwanza raha mustarehe, nakula mkate wa kumimina na chai ya maziwa mpaka saa nne asubuhi. Mwezi wa tatu ikaja baiskeli.

Kuna kijana nyumba ya nyuma anauza samaki, alfajiri anakwenda soko la samaki la Deep Sea kuchukua mzigo, akishamaliza kutembeza anarudi anaegemeza baiskeli yake ukutani kwangu. Sasa mji huu baiskeli ni kama kuku, hazikosekani, na ukuta wenyewe rangi yake ya kubahatisha. Lakini mwenzenu iliniingia rohoni. Siku ya kwanza nikanyamaza, ya pili nikakohoa, ya tatu nikatoka na kikoi. Halafu nikanunua daftari. Nikawa naandika imekuja saa ngapi, imeondoka saa ngapi, imeegemea upande gani, karani ni karani tu bwana. Nikajaza kurasa nne nikampelekea mwenyekiti wa mtaa. Akasoma zote, mtu muungwana yule, akanirudishia, akaniuliza, "Mzee wangu, chai umekunywa?"

Kijana mwenyewe hata hakubisha. Shikamoo baba, samahani baba, akaihamisha. Mi nikakaa na ushindi wangu siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kusikia kengele yake, mbona anaipiga hivo alfajiri, na baada ya kengele ikawa majani ya mwarobaini wa jirani yanaangukia kwangu.

Wiki hiyo hiyo mama watoto kagombana bombani, kuna mtu karuka foleni. Nikajifanya mshauri, nikamwambia ndoo tu hiyo mama, ya nini kujipandisha presha. Alinigeukia akasema, mie maji yakishaingia kwenye ndoo nanyamaza, wewe umehamishiwa baiskeli umehamia kwenye kengele. Basi sikuwa na la kujibu, nikatoka nikaenda kunywa kahawa, hata kashata sikuimaliza.

Hapo ndo pa kutofautisha. Mwenye shida ndogo ya kweli ukimtatulia anatulia. Mtu ambaye siku yake nzima haina kitu ukimtatulia atatafuta nyingine, kwa sababu ule ugomvi ndo kazi yake, ndo sehemu pekee iliyobaki ambayo neno lake linahesabika.

Binti yangu anasomea ustawi wa jamii, alivyokuja likizo nikamsimulia nikidhani atanionea huruma, akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia kuna kijiji Austria kinaitwa Marienthal, kilikuwa kinaishi kwa kiwanda cha nguo, kiwanda kikafungwa karibu kijiji kizima hakina kazi. Mwaka 1931 wakaenda watafiti, mmoja wao Marie Jahoda, kutazama watu wanaishije. Ungefikiri kwa muda wote ule wangesoma, maktaba ipo na kuazima bure, lakini vitabu vikazidi kukaa kabatini. Wanaume wakawa wanatembea polepole, wanasimama simama njiani, wengi hata saa hawabebi tena, na ukiwauliza mchana wamefanya nini hawakumbuki. Wanawake walikuwa na mbio zao bado, maana kupika na kufua hakufungwi na kiwanda. Halafu kilichonichoma, barua za kusemeana ziliongezeka, mtu anamshitaki jirani kwa wakubwa kwamba fulani anapokea posho ya wasio na kazi huku kapata kibarua pembeni. Binti akasema, baba, na daftari lako hilo ungepata uraia kule.

Nimewaza sana. Sie Tanga viwanda vimetufungia miaka ya 80 na 90, wengine tuliona baba zetu wanarudi nyumbani saa tatu asubuhi hawajui pa kuweka mikono, na nyumbani ikaanza kelele ya chumvi imezidi, kanga imeanikwa wapi. Tulisema mzee kawa mkali. Na si hela tu, mi pensheni ninayo na bado nilipigana na baiskeli.

Ndo maana nauliza, subira ya nini? Anayesubiri ni mtu mwenye kitu kinakuja. Yule kijana wa kijiweni hakuna anayemsubiri popote, akichelewa hakuna pengo, sasa kile kiti cha plastiki unachokidharau ndo cheo chake pekee, ukikikalia unataka afanyeje?

Mimi sikuponywa na mawaidha. Karani wa chama chetu cha kuzikana alihamia Dar, wakanipa mimi daftari la michango kwa sababu nina hati nzuri, basi, hakuna sherehe. Mchango ni elfu mbili kila nyumba kwa mwezi, na ikikosekana mia tano watu wananitazama mimi. Juzi saa nane za usiku nikagongewa, kuna msiba Makorora, hela ninayo mimi na kaburi lichimbwe asubuhi. Bodaboda hakuna. Nikazunguka nyuma nikamgongea yule muuza samaki dirishani aniazime usafiri, akajibu kwa usingizi, "Ichukue baba, ipo hapo kwako."

Kweli ilikuwa ukutani kwangu. Imerudi lini pale, sijaandika.

Mzee wa Barabara ya 13,
Ngamiani, Tanga