Mjomba, Marsabit hapakuwa na mkono wa mtu

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kila ifikapo tarehe 10 Aprili unarudia maneno yale yale, kwamba ndege ya jeshi iliyoanguka Marsabit, kaskazini mwa Kenya, mwaka 2006 iliangushwa, kwani viongozi wakubwa kiasi kile hawawezi kufa pamoja bila kuwepo mkono wa mtu. Kwa heshima yote ninayokupa kama kaka wa mama yangu, naomba leo nikupinge, tena hadharani, kwa sababu vijana wa ukoo wetu wameanza kulishika neno hilo kana kwamba limethibitishwa.

Wewe ndiye uliyefundisha shule kule, na ndiye uliyenisimulia ukungu wa Marsabit: asubuhi njiti za kiberiti hazishiki moto, nguo iliyoanikwa jana bado ina maji, na matone yanadondoka kutoka kwenye miti ya msituni ilhali mvua haijanyesha. Mlima ule umesimama peke yake katikati ya nyika kavu, ukipanda hadi mita 1,700 hivi, na upepo wenye unyevu wa Bahari ya Hindi ukiufikia hauna budi kupanda, ukapoa, ukageuka wingu. Rubani atokaye Nairobi anaweza kuvuka jangwa la Kaisut katika anga safi kabisa, kisha akaukuta mlima umejifunika gubigubi. Nayo ilikuwa Aprili, msimu wa masika.

Ndege yenyewe ilikuwa Y-12, iliyoundwa Harbin, China, yenye injini mbili za pangaboi. Ilibeba watu 17. Ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa iligonga kilima karibu na mji, wakafa 14. Ajali za namna hii zimetokea duniani kote: ndege nzima, injini zikinguruma ipasavyo, usukani ukiwa mikononi mwa rubani, inaingia mlimani kwa sababu aliyeiongoza hakuuona. Kifaa cha redio kinachopima umbali wa ndege na ardhi huangalia chini tu. Mteremko ukiinuka ghafla mbele, onyo huja zikiwa zimebaki sekunde chache.

Kama ni hasira, Mjomba, mimi ninayo, ila naielekeza kwingine. Ndani ya ndege hiyo moja walikuwamo Bonaya Godana wa North Horr, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Abdi Sasura wa Saku, Titus Ngoyoni wa Laisamis na Guracha Galgallo wa Moyale. Majimbo yote manne yanayounda Kaunti ya Marsabit ya leo yalibaki bila mbunge siku moja. Walikufa pia Mirugi Kariuki, naibu waziri aliyehusika na usalama wa ndani, na Askofu William Waqo wa Kanisa la Anglikana. Aliyepanga safari ile aliwezaje kuitazama orodha hiyo asiseme, hawa wagawanywe?

Najua utasema walilazimika kuruka, na hapo nakubaliana nawe. Lami ilikuwa imeishia Isiolo, na zaidi ya kilomita 250 zilizobaki zilikuwa vumbi, mawe na majambazi. Tena walikuwa wakienda kwenye mkutano wa amani, miezi tisa tu baada ya shambulio la kijiji cha Turbi, huko huko Marsabit, la tarehe 12 Julai 2005, ambapo makumi ya watu waliuawa, wakiwemo watoto wa shule ya msingi. Huenda Mgabra, Mborana na Mrendille, watu wa jamii jirani za huko, kushuka kwenye ngazi ya ndege moja kulionekana kuwa ishara nzuri kwa wananchi. Kwangu mimi, ishara ile iligharimu kupita kiasi.

Neno lako pia lina madhara. Jamii zilizokuwa tayari zinashukiana hazihitaji kuambiwa kwamba wapatanishi wao waliuawa, kwa kuwa swali linalofuata huwa ni nani aliyewaua. Bahati nzuri wazee hawakulifuata swali hilo: mwaka 2009 Wagabra na Waborana walifikia makubaliano ya Maikona na Walda, yaliyoweka faini za mifugo kwa muuaji na kwa mwizi. Hata hivyo, Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi ya Kenya, alipokufa katika helikopta ya jeshi huko Elgeyo Marakwet tarehe 18 Aprili 2024, minong'ono ya mkono wa mtu ilianza kabla hajazikwa, na wewe, Mjomba, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kunitumia.

Basi ukinijibu, usiniambie tena nani alifaidika na kifo cha nani. Nieleze mkono huo ulifanya nini hasa asubuhi ile ambacho wingu na kilima visingeweza kukifanya vyenyewe.

Wasalaam,
Mpwa wako