Ile harufu kwa gari la bosi wako

Mwanangu mpendwa,

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa simu utanikatiza kabla sijafika pale nataka kufika, wewe ukisikia tu "Jumamosi" unasema mum tuongee baadaye niko job. Sasa soma pole pole. Ile harufu kwa gari la bosi wako ilikuwa ni mimi, haikuwa ziwa. Niliona vile ulifungua dirisha ukasema ati leo upepo wa ziwa umezidi, na yeye maskini akaitikia, na ndugu yako huko nyuma akaniangalia akanyamaza kwa sababu mkoba ulikuwa umelala juu ya viatu vyake na ulikuwa umeanza kutoa maji. Nitaeleza.

Lakini kwanza asante. Siku hiyo sikusema vizuri, nilikuwa naangalia sahani. Mitihani ya uhasibu, hio CPA, si mchezo, miaka yote hiyo mchana uko kazini usiku uko kwa vitabu, na kuna karatasi moja (tunaijua, siitaji jina) ilikukalia kama deni la duka, halafu ukimaliza badala ujinunulie kitu unatupeleka sisi lunch. Baba yako angekuwa hapo angeongea mpaka weita aketi chini.

Hoteli yenyewe ni nzuri sikatai. Viti vya mbao ya zamani, briketi za gugumaji, maji kwa chupa za glasi, na yule kijana anakuja na kila sahani kama mchungaji na mahubiri yake, hii mboga imetoka shamba fulani hapa karibu, hii omena ilinunuliwa mapema ikakaushwa kwa sababu kuanzia Aprili mpaka Julai ziwa hufungwa omena izaane, hii mrenda imelainishwa na chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe. Hapo nilimsikiliza vizuri, hio munyu nyanya yako wa Bunyore alikuwa anachuja kwa mkebe uliotobolewa na hakuna mtu alikuja kumpigia picha. Mrenda ilikuwa tamu, nasema ukweli, ila ilikuwa kijiko kimoja na nusu. Ndugu yako alimaliza akabaki ameshika kijiko akifikiri ndio wanaanza.

Halafu ikaja mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa. Kipande kama kiganja, kimelala juu ya ugali ya mtama, na mimi kwa mazoea nikauliza, kichwa kiko wapi? Ukanipiga teke chini ya meza. Sio kidogo, bado kuna alama. Yule kijana akajibu kwa heshima kabisa, mama kichwa na mifupa tunachemsha supu, makombo yanayobaki yanaenda kwa mabuu wanaolisha kuku wetu, hapa hatutupi kitu. Akasema tena, hatutupi kitu. Na wewe ukaona uingilie story isiharibike, ukamwambia bosi wako, "Mum alikuwa kwa biashara ya samaki, ya export."

Hapo ndio nilificha uso na kitambaa, ukadhani nalia. Nilikuwa nacheka mwanangu. Nacheka kwa sababu unasema export na umevaa ile gauni ya mgongo wazi, mgongo wote nje, na mgongo wazi ndio ilikusomesha.

Na si uongo kabisa ulisema. Nyama ilienda export. Kiwandani wanatoa fileti pande mbili, inaingia barafu inaenda Ulaya, na ile inabaki, kichwa, uti na mkia, nyama kidogo imeshikilia mbavu, ndio mgongo wazi, ndio tulikuwa tunangojea nje ya geti tangu giza, sisi akina mama wa mtaa wa Obunga, Kisumu, na broka anatupangia bei vile anataka. Unavunja, unaanika kidogo ikauke maji, unakaanga. Mafuta hata hununui mengi, mbuta mwenyewe ana mafuta yake, ukianza na kidogo karai inajijaza. Tulikuwa tunauza kumi bob, ishirini, na mtu anakula na ugali anashiba. Kuna watoto Nyanza hii walikua hawajui mbuta ana nyama.

1999 hukumbuki, ulikuwa na miaka 3. Ulaya walikataa samaki wa Ziwa Victoria, ati kuna watu wanavua kwa sumu, na kweli walikuwepo. Viwanda vikapunguza kazi, geti likawa linafunguka mara moja moja, na hapo ndio nilielewa kwamba mzungu akikosa fileti mimi nakosa mifupa. Ndio ule mwaka nilikaanga mandazi na nikayachukia mpaka leo.

Sasa nikuambie pale nilipotelea. Nilisema naenda choo. Choo nilienda, lakini nikirudi pua ikanivuta upande mwingine nikaingia jikoni, na hakuna mtu alinifukuza, nadhani walidhani mimi ni mtu wa serikali kwa sababu ya lile koti ulininunulia. Shefu ni kijana tu, umri wa ndugu yako, mpole. Alikuwa na sufuria kubwa ya mifupa inachemka. Nikamuuliza mnachemsha muda gani, akaniambia, nikamwambia unaua mifupa bure, hio ukikaanga kwanza ndio ukaitia maji utaona supu.

Tukaongea. Ukutani amechora mistari miwili, moja 50 na nyingine 85, mbuta akiwa mfupi ya sentimita 50 ama mrefu ya 85 hanunui, wadogo wakue na wale wakubwa wabaki wazae. Ndio sheria ya ziwa tangu zamani lakini pale beach unajua vile sheria huwa. Nikamwambia mimi sikuwahi kuwa na mistari, nilikuwa na karai. Wakati naanza, uti wa mbuta mmoja ulikuwa hauingii, lazima uuvunje mara mbili tatu. Ukianza shule nilikuwa naweka mbili zinatosha. Ukiingia form one zilikuwa zinaingia tano nzima nzima bila kuvunja, na bado kuna nafasi ya mikia. Tulikuwa tunasema viwanda siku hizi vinatubania, vinatupa ndogo ndogo. Hatukujua ni ziwa linatuambia kitu. Ama tulijua, sijui, ukiwa na ada ya shule hujui vitu vingi. Yule kijana aliacha kukoroga, akaniuliza hio tano ilikuwa mwaka gani, akaandika kwa ukuta.

Nikamuuliza pia, na mondo mnapeleka wapi? Akasema samaki wakifika ile mfuko wa hewa huwa imeshatoka. Nikacheka tena. Mondo ndio pesa, inaenda China, kilo yake haikaribiani na kilo ya nyama, haiwezi kufika jikoni kwa mtu. Kwa hivyo wasiseme hawatupi kitu, kitu kikubwa kinatolewa kabla hawajaamka. Hakukasirika. Akasema Jumatano nije nimwonyeshe kukaanga, atanilipa. Anataka kuiweka kwa menyu na jina la kizungu, hapo tulikosana kidogo, nikamwambia jina iko nalo.

Malipo ya siku hiyo nikasema nataka vichwa viwili. Akavifunga kwa majani ya ndizi kwa sababu karatasi za plastiki hawaruhusu, na tangu 2017 hata wewe unajua zilipigwa marufuku, lakini mwanangu majani ya ndizi hayazuii maji. Ndio hio harufu.

Risiti niliiona, uliikunja lakini niliiona, 14,600 watu wanne. Nilianza kuhesabu hio ni mgongo wazi ngapi za kumi bob nikaacha, wewe ndio mhasibu piga mwenyewe. Sikukasirika na export pia. Kama unaona bosi hafai kujua Obunga, sawa, ni bosi wako. Lakini Jumatano nitakuwa kwa ile jikoni na karai yangu, na wewe ulisema wiki hiyo mnaleta wageni wa ofisi hapo lunch. Nimekuambia mapema usishtuke ukiniona na aproni.

Mkoba nimeosha na ndimu mara tatu, bado. Kichwa kimoja nilipika jana na nyanya nyingi vile unapenda, nikala na ndugu yako. Cha pili kiko kwa friza ya jirani, macho sijagusa, ni yako. Njoo kabla stima ipotee.

Na bosi akiuliza kuhusu gari, mwambie ni export.

Mama yako