Mwanangu, punguza kifutio

Mwanangu Wanza,

Jumamosi unaenda kwenye mashindano ya hisabati, na kinachonikosesha usingizi si safari wala baridi. Ni kifutio chako. Ule mraba wa ajabu wa tatu kwa tatu, wa kupanga 1 hadi 9 ili kila mstari, wa kulala, wa kusimama na wa mshazari, utoe jumla moja, umeufuta hadi daftari likatoboka. Jibu umelipata, hongera, lakini umebahatisha, na msahihishaji anataka sababu.

Anza na jumla. Kutoka 1 hadi 9 ni 45, na safu ni tatu, kwa hiyo kila safu ni 15. Mistari minne hupita katikati: 60. Humo kila nambari imehesabiwa mara moja, isipokuwa ya katikati, ambayo imehesabiwa mara nne, yaani mara tatu za ziada. 60 toa 45 ni 15, gawa kwa tatu, 5. Hapo hujafuta kitu.

Kisha pembe. Nambari ya kwenye pembe imo katika mistari mitatu. Sasa 1 hufikisha 15 kwa njia mbili tu: 1+5+9 na 1+6+8. Haiwezi kukaa kwenye pembe, na vivyo hivyo 3, 7 na 9. Pembe ni za shufwa, zinazogawanyika kwa mbili. Juu 8, 1, 6. Katikati 3, 5, 7. Chini 4, 9, 2. Ukiuzungusha na kuupindua unapata sura nane za mraba huo huo mmoja, kwa hiyo usijisifu kwamba una majibu manane.

Wewe shufwa na witiri, zisizogawanyika kwa mbili, unazijua tangu utotoni, ila huzitumii! Ukiulizwa kama sarafu 11, za shilingi moja na za shilingi tano tu, zinaweza kutimiza shilingi 50, usianze kuzipanga. Witiri 11 zikijumlishwa hutoa witiri. 50 ni shufwa. Haiwezekani, songa mbele. Kwenye karatasi ya majaribio ulijaza ukurasa mzima hapo. Labda ni sisi hapa nyumbani tuliokuzoesha kuulizwa jibu tu.

Wa nne kwa nne, andika 1 hadi 16 kwa mfuatano. Zilizo kwenye mishazari miwili, kila moja itoe kwenye 17 na uandike kinachobaki: 1 inakuwa 16, 6 inakuwa 11. Nyingine usiziguse. Kila mstari utatoa 34. Wa sita kwa sita usiujaribu hivyo, hata ukitoa kwenye 37: safu ya juu itakuwa 36, 2, 3, 4, 5, 31, yaani 81, na inayotakiwa ni 111.

Andika sababu kwanza, Wanza. Kifutio kiache mfukoni.

Maji yamekatika tangu Jumanne, kwa hiyo sweta yako inafuliwa kwa mama mdogo kule Umoja. Ipitie Ijumaa, na umrudishie sufuria yake. Nauli iko kwenye kopo la majani chai. Na mpigie nyanyako, anadhani unaenda kufanya mtihani wa kitaifa.

Mamako