Kilomita 5,895 zimekwisha, ahadi bado

Washarika wapendwa, mlioko nyumbani na mlioko mbali, Bwana Yesu asifiwe.

Mtakumbuka Krismasi ya 2024, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje chini ya migomba. Ndiyo desturi yetu, Desemba kila Mchaga hurudi mlimani. Siku ile, mnada ulipokwisha, tulisimama mbele watu wanne tukatangaza jambo ambalo wengine mlilicheka waziwazi: kwamba mwaka mzima wa 2025 tungekimbia na kuendesha baiskeli mpaka zitimie kilomita 5,895, yaani kilomita moja kwa kila mita ya Kilimanjaro. Nanyi mkasema kila kilomita mtailipia shilingi 3,000, mkagawana ahadi hadi ikafika 17,685,000. Makofi yakapigwa, katibu akaandika majina.

Basi tumemaliza. Wakimbiaji wetu wawili, mwalimu wa kwaya na binti mmoja wa umoja wa vijana, wameleta kilomita 2,080. Sisi wawili wa baiskeli, mmojawapo mimi mwenye miaka 58 na goti moja linalolalamika, tumeleta 3,815. Kila Jumamosi jioni mzee wa kanisa alikagua simu zetu na kutia sahihi daftarini. Daftari liko ofisini, njooni mlione. Kurasa za Aprili zimevimba kwa mvua na wino umetawanyika, ila tarakimu zinasomeka.

Fedha iliyoingia mpaka leo ni shilingi 11,240,000. Bado 6,445,000. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii, sitazunguka.

Tulikimbilia vyoo. Shule ya msingi iliyopakana nasi ina wasichana 212 na matundu manne tu, na moja lilifungwa masika yaliyopita ukuta ulipopasuka. Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20. Piga hesabu mwenyewe. Saa ya mapumziko foleni inafika kwenye mti wa mparachichi, kengele inalia, na walio nyuma wanarudi darasani vilevile. Mabinti wa darasa la sita na la saba, siku zao zikifika, wanabaki nyumbani. Wake zetu wanalijua hilo. Sisi wanaume tulikuwa tunalipita tu.

Kwa fedha mliyokwisha kutoa, shimo limechimbwa, na jengo la matundu manane na chumba cha kujistiri limefika usawa wa linta. Mafundi wamesimama. Kilichobaki ni paa, milango, lipu, na tanki la lita 5,000 la kukinga maji ya mvua. Milango ndiyo inayonikera zaidi, maana choo kisicho na mlango msichana hakiingii.

Niwape kidogo ya njiani, maana mliuliza. Kutoka Marangu Mtoni kushuka Himo ni raha, baiskeli inajiendea yenyewe na wewe unashika breki na kuomba. Kurudi ni mlima mtupu. Siku moja ya Aprili cheni ilikatika huku mvua inapiga, nikakokota baiskeli kilomita nne. Hizo hazimo daftarini. Tulikubaliana tangu mwanzo kuwa kukokota hakuhesabiwi. Daladala ikanipita polepole, mama mmoja mwenye mikungu ya ndizi akachungulia dirishani: “Mangi, kanisa lenu halina gari?” Nikamweleza habari ya vyoo pale pale, naye akanitupia noti ya 2,000 iliyokunjwa. Si msharika, hakuahidi chochote, na jina lake silijui. Nimemwandika kwenye orodha kama “mama wa ndizi”.

Februari mwalimu wa kwaya alikimbia nusu marathoni kule Moshi. Ni Jumapili, kwa hiyo ilibidi aombe ruhusa ya kukosa ibada, na kwaya iliimba siku hiyo kama mlivyosikia. Halafu tarehe 15 Septemba tukaamka na habari za Tokyo, Alphonce Simbu ameipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya riadha ya dunia, akimpita Mjerumani kwenye mstari kabisa, tofauti haifiki hata sekunde moja. Tangu wiki hiyo watoto wa shule, wengine pekupeku, walitusindikiza kila alfajiri mpaka barabara ya lami. Wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana.

Sasa, Jumapili ya tarehe 25 Januari 2026, baada ya ibada ya pili, tunafunga hesabu. Mwenye ahadi aje nayo. Aliyepungukiwa aseme, tutapanga awamu, hakuna atakayesomwa jina madhabahuni. Mlioko Dar, Arusha na Mwanza, lipa namba ya usharika iko nyuma ya bahasha mliyopewa Krismasi. Iliyopotea, mpigieni mhazini. Bati, saruji, bawaba na vitasa tunapokea pia. Na ambaye hakuahidi hajachelewa.

Siku hiyo hiyo kutakuwa na mnada wa kawaida wa ndizi, kuku na maziwa, na baiskeli yangu itakuwamo. Cheni ni mpya, breki ya nyuma ni mpya, tandiko lina kiraka. Tutaanzia shilingi 80,000.