Habari za pweza aliyelewa zina upande usioandikwa

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu habari za wanyama wanaopewa dawa za kulevya maabara, ambazo mara nyingi humwachia msomaji kicheko tu.

Mwaka 2018 watafiti Gül Dölen na Eric Edsinger walieleza walivyowaweka pweza kwa dakika 10 katika maji yenye dawa ya kulevya ya ekstasi, kisha wakawahamishia kwenye tangi ambalo upande mmoja alikuwamo pweza mwenzao aliyefungiwa ndani ya chombo. Pweza ni mnyama wa kujitenga, na kabla ya dawa walimkwepa mwenzao akiwa dume; baada ya dawa walimkaribia wakakaa naye, hata wakakigusa chombo chake kwa upande wa chini wa mwili. Hapo ndipo habari za “pweza wenye mahaba” zilipotoka. Kwamba waliozidishiwa kipimo mwanzoni walipauka na kuhema kwa shida, sijaliona kwenye kichwa cha habari hata kimoja.

Tunauliza dawa imemfanya nini mnyama, lakini ni nadra kuuliza alikuwa akiishi na nani. Mwaka 2002 zilichapishwa habari za makaku (aina ya kima) 20 wa kiume, huko Marekani, waliofungiwa kila mmoja peke yake kwa mwaka mmoja na nusu kabla ya kuchanganywa wanne wanne. Walipokuwa peke yao ubongo wao haukutofautiana. Baada ya miezi mitatu ya kuishi pamoja, waliotwaa ubabe walionyesha vipokezi vingi zaidi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia za raha, na kokeini haikuwavuta kama ilivyowavuta wanyonge wao.

Panya nao, katika utafiti ulioongozwa na Marco Venniro, walipopewa nafasi ya kuchagua kati ya dawa ya kulevya ya methamfetamini na mlango unaofunguka kwa mwenzao, walichagua mwenzao karibu kila mara, ila akicheleweshwa waliirudia dawa.

Sisemi upweke ndio chanzo cha yote. Hata lile jaribio mashuhuri la Bruce Alexander la kuwajengea panya makazi mapana ya pamoja, ambamo walikunywa mofini kidogo kuliko waliofungiwa peke yao, waliolirudia hawakupata matokeo yaleyale kila mara. Ninachoomba kwa waandishi wako ni sentensi mbili za ziada: mnyama alipewa kiasi gani, na kabla ya hapo alikuwa peke yake kwa muda gani.

Msomaji wako.